Gunnvor akataa kuwafungia watu joto

Saa tatu asubuhi, Gunnvor Tveiten amepiga magoti katika chumba cha kulala mjini Røros, bisibisi mkononi, mvuke ukimtoka mdomoni. Dirisha liko wazi. Nje ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.

Gunnvor halifungi. Anakitazama kidude cheupe kilichobanwa ukutani chini ya dirisha, yaani themostati, inayoiamuru hita ya umeme iwake saa ngapi na izime saa ngapi. Anacheka, ila si kwa furaha.

"Hapa kinapima baridi ya barabarani," anasema. "Hita imekesha ikiipasha moto theluji."

Aliyekibana hapo ni mwenye chumba, Oddmund Kvernmo, mwenyekiti wa jengo hili la nyumba ishirini na nne. Alitaka kuwaonyesha wenzake mfano wa kubana matumizi. Lakini kama wengi wa hapa, halali dirisha likiwa limefungwa, na bili yake imepanda badala ya kushuka.

"Si ufunge dirisha tu," Gunnvor anamchokoza.

"Nifunge? Unataka nikose hewa nife?"

"Ehee! Usingizi wako hauguswi, mwenyekiti, ila wa wenzako unaupangia ratiba."

Gunnvor ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na minne kati ya hiyo ameitumia katika ufundi umeme. Kamati ya jengo imempa kazi ya kufunga themostati za aina moja katika kila nyumba, zote zikipunguza joto saa mbili asubuhi na kulirudisha saa kumi jioni. Namba ya siri ya kuzibadilisha atakuwa nayo Oddmund peke yake.

Malipo ni kroner elfu tisini, karibu kipato chake cha miezi miwili. Amekataa.

"Sifungi kufuli kwenye joto la mtu," anasema. "Waniite mkaidi. Nimeitwa mabaya zaidi ya hayo."

Kilichomkasirisha ni hali ya Aslaug Brekken wa ghorofa ya tatu, anayefanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee.

"Narudi saa mbili asubuhi miguu imevimba, na wao ndio kwanza watakuwa wanazima," anasema Aslaug. "Kwani mimi si mtu? Usiku kucha nawageuza wazazi wao kitandani!"

Gunnvor hachagui kifaa kabla ya kuketi jikoni kwa mtu, kunywa kahawa yake na kumuuliza analala saa ngapi, anafungua dirisha lipi, nani anawahi kurudi. Majibu huyaandika nyuma ya bahasha.

Kwa Aslaug alichagua tatu: ya sebuleni inayokubali ratiba tofauti kila siku, maana zamu hubadilika, ya bafuni inayopima joto la sakafu, na ya chumbani ya kuzungusha kwa mkono tu, kwa kuwa chumba chenyewe Aslaug anakitaka baridi. Hakuna hata moja itakayowekwa karibu na dirisha.

"Kila mtu akijipangia lake, jengo litaokoa nini?" Oddmund anauliza. Ameshasema wazi kwamba Gunnvor asipokubali ifikapo Alhamisi, siku ya mkutano wa wakazi, ataitwa fundi mwingine.

"Mwite. Mimi nitakuwepo Alhamisi na bahasha ishirini na nne, moja kwa kila nyumba, nizisome mbele ya wote. Nimebakiza moja."

Anajifuta vumbi magotini, anatoa bahasha mfukoni na kalamu sikioni.

"Unalala saa ngapi, Oddmund?"

Mwenyekiti anamtazama, analitazama dirisha, kisha anaketi pembeni mwa kitanda chake.

"Saa nne," anasema taratibu. "Lakini dirisha sifungi."

"Nani kakwambia ufunge?" anajibu Gunnvor, na kuandika.