Mikorosho ya Penseli

Mpaka leo mtu akiniambia kitu kimehifadhiwa salama, namwuliza: salama kwa nani? Wenzangu huniona mchokozi. Waache. Hawakukaa mahali nilipokaa mimi.

Nilikuwa karani katika ofisi ya kumbukumbu za mashamba, Lindi mjini, miaka ile ya soko huria, kila kitu kilipokuwa kinauzwa, kinabinafsishwa au kinapunguzwa, na watu ndio waliopunguzwa zaidi. Chumba chetu kilijaa vitabu tangu sakafuni hadi darini, vizito, vya majalada mekundu, vya vijiji vyote kuanzia Kitomanga mpaka Rondo: shamba la nani, limepakana na nani, nani kamrithi nani. Mchwa walikula upande mmoja, unyevu wa bahari ukala wa pili. Masika paa likivuja, tulivihamisha kona hadi kona huku tumevikumbatia.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mti ukawa wa mwingine. Mgeni akija na adabu zake, mwenyeji humpa mahali pa kupanda. Ardhi inabaki ya mwenyeji. Mkorosho ni wa aliyeupanda, yeye na wanawe. Basi karani mzee aliyenifundisha kazi aliandika ardhi kwa wino, na miti akaiandika kwa penseli, pembeni mwa ukurasa. Nilipomwuliza sababu alinicheka. "Ardhi haifi, binti yangu. Mti unakufa. Siku umekufa, unafuta. Ukiuandika kwa wino, mtu atakuja kukudai mti ulioshakuwa kuni." Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini kila aliyewahi kukaa kwenye meza ile aliijua.

Mama yangu alikuwa wa penseli. Alishuka kutoka Rondo akiwa mjane, mimi mgongoni, akapokewa Kitomanga na mzee mmoja aliyempa pa kupanda. Akapanda mikorosho arobaini na miwili, akiibebea maji kichwani. Siku ya kuandikishwa alisimama mbele ya meza ya karani, hajui kusoma, akamwambia amsomee alichoandika. Akasomewa. "Rudia," akasema. Karani akacheka hadi chai yake ikamwagika ukurasani. Mama akaondoka na alama yake kichwani: kitabu cha Kitomanga, ukurasa wenye doa la chai. Mikorosho hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka nikaja kukalia kiti cha karani yule yule.

Kisha wakaja watu wa kampuni kutoka Dar, na kompyuta kwenye maboksi. Mtaalamu wao alikuwa kijana mwembamba, mwenye shati la mikono mifupi na maneno marefu. Alitukusanya akatueleza. Kumbukumbu zote zitahamishwa kutoka kwenye vitabu. Kutakuwa na mashine kuu mbili, moja hapa Lindi, nyingine Kilwa Masoko. Tutakachoandika hapa kitajinakili kule kwa laini ya simu. "Hii ikiungua, ile ipo. Ile ikizama baharini, hii ipo. Haitatokea siku mwananchi akaja akakosa kumbukumbu yake." Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, mjinga mimi.

Tulikuwa makarani wanane, na tulishaambiwa kazi ikiisha watabaki watatu. Nani, itategemea kurasa. Kila jioni mtaalamu alibandika mlangoni karatasi yenye majina yetu na kurasa ambazo kila mmoja ameingiza. Mtume! Watu tuliokula pamoja mihogo ya kuchemsha tukaacha kusalimiana. Tuliandika mpaka vidole vikawa vizito. Aliyekwenda chooni alirudi mbio.

Na penseli? Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na nafasi ya jina la mwenye shamba, moja tu. Siku ya kwanza nilimwita mtaalamu, nikamwonyesha maandishi ya pembeni. Akaangalia kama mtu anayeonyeshwa mchoro wa mtoto. "Sista, penseli siyo kumbukumbu. Hiyo ni rafu. Ingiza wino." Nikamweleza habari ya miti. "Poa, tutaongeza nafasi yake baadaye. Sasa hivi tunakimbizana na muda." Nikasema sawa. Baadaye! Kuna watu wamezikwa wakisubiri hiyo baadaye.

Kitabu cha Kitomanga kiliniangukia mimi. Nisiseme uongo: nilipofika kwenye doa la chai nilijua nimefika wapi. Niliweka kidole juu ya jina la mama, la penseli, hafifu lakini linasomeka vizuri kabisa. Nikatazama karatasi mlangoni. Nilikuwa wa nne. Nikaandika jina la mzee mwenye ardhi, nikafungua ukurasa uliofuata. Nilijiambia nitalinakili jina la mama kwenye daftari langu nyumbani. Sikulinakili. Nilichoka, nikala, nikalala.

Kazi ilipokwisha wakahakiki, na nitawaambia walivyohakiki. Walichapa orodha kutoka mashine ya Lindi na orodha kutoka mashine ya Kilwa, wakatuweka wawili wawili, mmoja anasoma, mwenzake anafuatisha kwa kidole. Siku tatu. Hakuna herufi iliyopishana. Mtaalamu akafurahi, akatununulia soda. Mashine ilifananishwa na mashine. Hakuna aliyefungua kitabu hata kimoja, na mimi niliyekuwa nasoma kwa sauti sikufungua mdomo kwa jambo hilo.

Nilibaki kazini, wa tatu kati ya watatu. Vitabu vikatolewa kupisha samani mpya, akaja mfanyabiashara akavichukua kwa kilo. Haukupita muda nikanunua bagia sokoni, nikafungiwa kwa ukurasa wa shamba la mtu wa Rondo. Wino ulikuwa unaonekana. Pembeni palikuwa na mafuta tu.

Yule mzee wa Kitomanga akafariki. Wanawe wakamuuzia ardhi tajiri mmoja, pamoja na kila kilichosimama juu yake. Mama alipokwenda kuokota korosho zake akakuta walinzi. Hakubishana nao. Alipanda gari asubuhi iliyofuata akaja ofisini, kanga mpya, uso umetulia kabisa.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Nitolee ile karatasi yangu. Kitabu cha Kitomanga, ukurasa wenye doa la chai."

Nikabonyeza. Jina la mzee. Nikabonyeza tena kwa jina la mama, ingawa nilijua. Hakuna. Nikapiga simu Kilwa Masoko, nikamwomba mwenzangu atazame. Akanirudia upesi: "Hata huku hayumo, dada. Ni vile vile." Bila shaka ni vile vile! Kosa langu lilikuwa limenakiliwa salama, mahali pawili, hata moto usingeliweza.

"Wamesemaje?" mama akauliza.

"Kuna hitilafu kidogo, mama. Tutaliona barazani."

Mama akapeleka shauri, na baraza la ardhi likakaa Kitomanga, chini ya paa la bati, joto la kukaanga. Nikaitwa, si kama mtoto, kama ofisi. Nilikuja na karatasi mbili zenye mihuri, moja ya Lindi, moja ya Kilwa. Mwenyekiti akaniuliza kumbukumbu zinasemaje. Nikasema hazina jina la mlalamikaji.

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Lakini katika kitabu cha zamani…"

"Kitabu kiko wapi?"

Ningesema nini, kimefungia bagia?

Wakili wa tajiri akainuka taratibu. "Na wewe, bibi, mlalamikaji ni nani wako?" Nikasema ni mama yangu. Watu wakacheka. Mwenyekiti akawanyamazisha, akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma hata sasa: "Binti, kama jina lilikuwepo, lilipoteaje?"

Hapo ndipo palipokuwa pangu pa kusema. Ningeweza kusema: nililiona, niliweka kidole juu yake, nikaliruka kwa mkono wangu kwa sababu nilikuwa wa nne. Ningefukuzwa kazi, ndiyo, na huenda wangeniamini, maana mtu hajisingizii jambo la kumfukuzisha. Bosi wangu alikuwa amekaa benchi la mbele. Nikasema, "Pengine lilisahaulika."

Mwenyekiti akatikisa kichwa. Mashahidi wawili, mahali pawili, wamesema neno moja, akasema; baraza haliwezi kuacha hilo likashika la pengine. Ikawa imekwisha. Wiki hiyo hiyo misumeno iliingia. Kumbe tajiri hakuitaka hata hiyo mikorosho. Alitaka kupanda ufuta.

Tulipotoka nilimfuata mama njiani. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Ulipokuwa unaandika, uliliona jina langu au hukuliona?"

"Nililiona, mama."

"Basi halikusahaulika," akasema, akajitanda kanga yake vizuri, akaendelea na safari.

Wapo wanaosema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi sikuacha mbacha. Niliuacha mgongo ulionibeba.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilimjengea chumba, alikaa. Nilimpikia, alikula. Hakuninenea vibaya kwa mtu yeyote. Kila asubuhi nilipiga goti mlangoni kwake nikamwambia, "Shikamoo mama," naye alinijibu kila asubuhi, hata ile ya mwisho, kwa adabu kamili:

"Marahaba, karani."