Siku Baba Alipozilaza Intumba za Bibi

Baba yangu hawezi kuona shamba akaliacha lilivyo. Hata msibani, watu wakiwa wameinamisha vichwa, yeye anachungulia ng'ambo ya kaburi akikadiria: hapa maksai wangu wangemaliza kabla ya saa nne. Mama anamfinya. Anaacha kwa muda, kisha anaanza kukadiria upande wa pili.

Sisi ni Wasukuma wa kuhamahama. Tuliondoka kwetu mimi nikiwa mgongoni kwa mama, tukakaa Tabora, tukakaa Katavi, na mwaka jana tukapanda huku Ufipa, kwenye baridi inayokufanya uvae sweta ukiwa unapika. Ng'ombe wengi walibaki bondeni na baba mdogo. Sisi tulikuja na maksai wanne, plau, magunia ya vyombo na kaka yangu, ambaye simhesabu kwenye mali. Kila nilipozoea sura ya mwalimu mkuu, tulihama. Shuleni wakiniuliza kwetu ni wapi, jibu lilitegemea nimeamkaje. Siku moja nilisema mimi Mrusi. Mwalimu wa jiografia akataka nionyeshe Urusi kwenye ramani, nikaonyesha bahari.

Tulipofika Izia, mama aliteremka kwenye gari la mizigo akasema, "Mimi nimefika. Atakayehama tena ahame na ng'ombe wake."

Bibi mmoja wa hapo, Mfipa, mjane, alitupa vyumba viwili uani kwake na kipande cha chini cha shamba lake tupande maharage. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Kuku wake aliwasemesha Kifipa, sisi Kiswahili, kwa hiyo kuku walikuwa wenyeji kutuzidi. Masharti yake yalikuwa mafupi.

"Limeni hapo, tuone mnavyokaa. Tukishindwana, mtatafuta pengine."

Mama alipiga goti kushukuru. Baba alikuwa ameshaanza kuangalia kipande cha juu.

Kipande cha juu kilijaa vilima vya udongo, kila kimoja cha duara, kinafika magotini, vimepangana kama vifaranga mpaka kwenye mkaratusi. Havikuwa na kitu juu yake. Kaka alisema ni makaburi ya mbwa. Baba alisema ni matuta ya viazi, wenyewe wameshavuna wakaacha shamba limevimba. Kwetu matuta ni marefu, lakini baba akishatoa jibu halirudishi.

Jumamosi ya kwanza bibi alikuwa Kabwe, ziwani, kwa binti yake. Baba alimaliza kipande chetu mapema, akasimama na maksai wake, akakitazama kile cha juu kwa huruma.

"Mama wa watu mzee vile, ataviweza lini hivi?"

"Baba, tumsubiri bibi kwanza tumuulize," nikasema.

"Unamuuliza mtu kama anataka msaada?"

Akageuza plau. Kufikia mchana vilima vyote vilikuwa chini, isipokuwa vichache pale kwenye mkaratusi ambapo maksai hawakuweza kugeuka. Shamba likawa limenyooka kama daftari jipya. Baba alikaa chini akanywa maji huku akitabasamu peke yake.

Bibi alirudi Jumapili mchana na kapu la migebuka mikavu, samaki wa huko ziwani. Nikampokea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hiyo mikubwa ni yenu, mpe mama yako."

Akapita kwenda kuona shamba. Nikamfuata, maana nilitaka kuona mtu anavyofurahi akikuta kazi imeshafanyika. Alifika, akasimama. Akaketi juu ya plau, mikono mapajani, kama mtu aliyefika hospitali akaambiwa subiri.

Baba alikuja mbio. "Mama, nimekusaidia kidogo hapo."

"Mwanangu, umenifanyia nini?"

"Si yalikuwa matuta ya viazi, mama?"

"Viazi." Bibi alilirudia neno hilo taratibu, kama anayeonja chumvi.

Majirani walishaanza kukusanyika, wanawake wawili wanaosali naye kanisa moja. Kumbe wao ndio waliomsaidia kuvijenga vile vilima, kwa jembe la mkono, kabla hatujafika. Mmoja mnene, mwenye kilemba cha njano, alishika kiuno.

"Wasukuma jamani! Wakiona kitu kimesimama lazima wakilaze!"

"Mwambieni asipite kanisani na hao ng'ombe," akadakia mwenzake. "Tutaishia kusali nje."

Kaka alijificha nyuma ya maksai. Mama alirudi chumbani, na muda si mrefu nikasikia masufuria yanaingizwa moja ndani ya jingine. Sauti hiyo naijua tangu utotoni. Ndiyo sauti ya sisi kuhama.

Kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananitazama, nikaenda kwenye vilima vilivyobaki. Nilitaka kujua kitu gani hicho cha thamani kiasi cha kutufukuzisha. Nikachimba kimoja kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na majani, na kulikuwa na joto. Joto kabisa, katika baridi ile! Nikautoa mkono nikaunusa.

"Unatafuta nini humo?" Bibi alikuwa nyuma yangu.

"Bibi, mmewasha moto ndani?"

Nadhani alitaka kunichapa, lakini swali lilimpoza.

"Hiyo ni intumba. Unakata majani mabichi, unayalaza, unayafunika kwa udongo uliopinduliwa. Yanaoza humo ndani polepole. Ndiyo chakula cha ulezi."

"Kwa hiyo yanapikwa."

"Yanapikwa. Na baba yako amefunua chungu kabla hakijaiva."

"Hakiwezi kufunikwa tena?"

Akaangalia mawingu, akaangalia udongo. "Majani bado yapo. Mvua bado ipo." Kisha akapaza ile sauti ya kwaya kumwelekea baba. "Jumamosi, na jembe la mkono! Hao ng'ombe nisiwaone."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mama alipika kwa sufuria moja, mengine yakiwa ndani ya gunia karibu na mlango. Nilimuuliza kama tunahama, akasema nimuulize baba. Baba akasema nimuulize bibi. Bibi sikumuuliza, sikuwa na ujasiri wa kiasi hicho. Shuleni habari zilishafika. "Mambo vipi, mtoto wa plau?" wakanisalimia. Mshikaji mmoja wa nyuma aliomba baba akasawazishe uwanja wa mpira. Nikamwambia atakuja, ataanza na pua yake. Tulicheka wote, ila nilijikuta najiuliza kama nitakuwepo kumaliza hata muhula.

Jumamosi wanawake walikuja na majembe, nasi tukaja na mapya, la baba likiwa bado na karatasi ya dukani. Tangu aote ndevu alikuwa hajashika jembe la mkono. Kwake mwanaume anatembea nyuma ya ng'ombe, hainami. Siku hiyo aliinama. Intumba yake ya kwanza ilikuwa na umbo la kiatu.

"Shemeji, hicho ni nini?" akauliza yule wa kilemba cha njano.

"Intumba."

"Mbona inachechemea?"

Akaibomoa kwa teke moja, akamwonyesha: pindua nyasi ziangalie chini, zungushia udongo, usishindilie. Baba akarudia. Ya nne ilisimama. Hakujisifu, ila nilimwona akiizunguka mara mbili.

Jua lilipopanda bibi alileta chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija. Baba alivuta kwa pupa akaungua ulimi, machozi yakamtoka. Wale wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilipewa uji. Mama hakunywa wala hakucheka. Aliendelea kulima peke yake kama anayelipa adhabu amalize aondoke.

Nikaenda kukaa karibu na bibi na kikombe changu.

"Bibi, sasa hapa tunapanda ulezi?"

"Sasa maharage, hapo juu yake. Ulezi mpaka mvua za mwisho wa mwaka. Tunazitawanya intumba, ndipo tunaumwaga."

"Na unavunwa lini?"

"Mwaka mwingine, mvua zikishakatika."

"Nani atazitawanya?"

"Si aliyezijenga? Au unataka nizitawanye mimi, na mgongo huu?"

Jembe la mama likasimama hewani. Akalishusha taratibu.

"Mama," akamwambia bibi, "umesema mwaka mwingine?"

"Nimesema. Kwani mna safari?"

Mama akamtazama baba. Baba, mrija mdomoni, akatazama intumba zake. Nilidhani mama atalia, nikajiandaa kutazama kwingine. Badala yake akajifuta mikono kwenye kanga, akaja akakaa pale kwenye chungu na kuuvuta mrija wa baba upande wake.

"Hiyo mbegu ya ulezi," akasema, "mnaiwekaje panya wasiifikie?"

Bibi akasogea karibu. "Hapa panya si wa mchezo," akaanza, na yule wa kilemba cha njano akamkatiza kwamba wa kwake ndio wabaya zaidi.