Kibanio cha Mwanzi

Pale Kumasi, ukiuliza habari za Dokta Birago Twumasi, mwenye duka la vocha langoni mwa chuo atakwambia, "Yule mama wa sumaku?" Sumaku yenyewe inahusu nini, hajui. Ajualo ni kwamba mama huyo ana makala moja ambayo wataalamu wenzake duniani wameinukuu mara mia mbili themanini na nane, maana Profesa Dwamena, mkuu wa idara, huitaja hesabu hiyo hata msibani.

Kazi yake ni ya subira. Birago hutandaza madini juu ya kipande cha kioo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, utando mwembamba kuliko unywele mara elfu, kisha huupima aone kama una sumaku. Makala ile ilisema kwamba utando wa zinki uliotiwa kobalti kidogo una sumaku hata katika joto la kawaida la chumbani. Ilikuwa habari kubwa. Sasa, miaka tisa baadaye, fomu yake ya kuomba uprofesa ilikuwa imejazwa, imebaki sahihi ya mkuu wa idara tu, na mwisho wa kuipeleka ulikuwa Ijumaa.

Jumatano Mzee Nsowah akamwita maabara. Nsowah ni fundi wa maabara, amebakiza mwaka mmoja astaafu, mtu ambaye mikono yake haijui kukaa bure. Vibanio vya chuma vya kushikia vioo hakuvipenda kamwe, vinakwaruza. Siku moja umeme ulipokatika, akakaa akajichongea chake kwa mwanzi.

"Dokta, keti kwanza."

"Mjomba, ukiniambia niketi, ujue kuna kitu kimevunjika."

"Hakuna kilichovunjika. Nilikuwa najaribu mashine tu. Kioo hiki ni kitupu, hakina utando wowote. Nimekishika kwa kibanio cha chuma, nikakipima. Tazama mwenyewe."

Birago akatazama mchoro kwenye kompyuta. Kioo kitupu kilikuwa na sumaku.

"Na hiki hapa, kitupu vilevile, nimekishika kwa mwanzi wangu."

Hakikuwa na kitu.

Birago alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena, akaenda kabatini kutoa bati la biskuti wanamotunza vipande vya zamani. Kile cha makala kilikuwemo. Chini ya lenzi, kingo zake zilikuwa na mikwaruzo ya kibanio. Wakazikata, wakakipima kipande cha katikati. Kimya. Sumaku yote iliyosomwa dunia nzima ilikuwa chembe za chuma zilizobaki pembeni.

"Kikulacho..." Nsowah akaanza.

"Usimalizie, Mjomba. Nilikishika mwenyewe, kwa mkono huu."

"Na keshokutwa ndiyo Ijumaa."

"Najua. Umekuja na kenkey, ule ugali wenu wa mahindi yaliyochachushwa?"

"Na samaki. Na pilipili ya mke wangu, isiyomhurumia mwenye huzuni."

"Nani ana huzuni? Mimi nina hasira na njaa. Lete."

Alhamisi jioni akaenda nyumbani kwa Profesa Dwamena, fomu ikiwa mkobani. Kwa watu wa Kumasi mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajanywa maji. Birago akaletewa gilasi, akanywa kidogokidogo mpaka tone la mwisho, na Profesa, aliyekwisha kupokea wageni wengi maishani, akajua kuna jambo zito.

"Haya, huku kwetu ni salama. Wewe umetujia na lipi?"

Akamweleza yote, bila kuzunguka.

"Birago, dada yangu! Watu wote hao walioinukuu makala yako wamekalia benchi hili, wewe unataka kulivuta?"

"Nalivuta kwa sababu kila siku wanakuja wengine kukaa."

"Peleka fomu kesho. Kosa utalitangaza mwezi ujao. Nani atakufa?"

"Mwezi ujao nitakuwa profesa wa kibanio."

Kule jikoni mke wa Profesa, aliyekuwa akitwanga mihogo ya fufu, akacheka mpaka mchi ukanyamaza.

Birago akaitoa fomu, akapiga mstari juu ya ile mia mbili themanini na nane. "Zimebaki nukuu mia tatu na kumi na mbili. Hizo ni za makala zangu za nikeli, yenye sumaku yake yenyewe tele. Mkwaruzo wa kibanio hauzibabaishi."

"Kamati inataka mia tano."

"Basi kamati itaningoja."

Mwaka ule uprofesa ukaenda kwa mwingine, na Birago akampelekea kuku wawili wa pongezi. Yeye akaandika kurasa mbili za kuifuta makala yake, zikieleza kibanio kilivyowadanganya, jina la pili likiwa la Nsowah. Wengine waliandika barua za ukali, hasa wale waliokuwa wamejenga kazi zao juu ya ile yake. Maabara moja ya mbali ikasema imepima upya vipande vyake, nusu ni chuma kitupu, na ikaomba kufundishwa kuchonga mwanzi. Nsowah akawachorea picha, akaongeza kwamba mwanzi mbichi haufai.

Ikapita miaka mitatu. Kurasa zile mbili zikanukuliwa mara mia moja na arobaini, na zile kazi za nikeli hazikukaa bure, hesabu ya nukuu zake ikafika mia tano na masalio. Birago akajaza fomu nyingine. Makala ya zamani hakuificha. Aliiorodhesha mahali pake, na mbele yake akaandika: tumeifuta wenyewe.

Akaipeleka nyumbani kwa Dwamena jioni. Gilasi ikaletwa. Safari hii aliyanywa maji kwa mkupuo mmoja, na Profesa akaanza kutafuta kalamu kabla hajauliza.