Albamu ya Panki na Ndege wa Mtama

Bendi yetu ina watu watatu. Kaka yangu anaimba na kupiga gitaa, mume wangu anapiga besi, na mimi napiga dramu, kwa sababu dramu ndiyo ala ambayo mtu anaipiga akiwa amekaa. Mimi ni mtu wa kukaa. Tangu nimalize kidato cha nne sijaona sababu ya maana ya kuvuka geti letu hapa Musoma baada ya chakula cha mchana. Saa hizo upepo wa ziwa unaingia dirishani, pazia linavimba na kunywea taratibu kama kitu kinachopumua, na mimi najilaza kwenye kochi, nusu nimelala, nusu nasikia sufuria za jirani. Mume wangu anasema nikifa watanizika na kochi. Namwambia sawa, ila walipanguse kwanza.

Muziki wetu unaitwa panki. Tuliupata shuleni, kwenye kanda alizoziacha mwalimu mmoja mgeni alipoondoka. Nyimbo fupi, za mbio, mtu anapaza sauti kuhusu jambo linalomuudhi, halafu basi. Kaka alisema huo ndio muziki wa kwetu, maana sisi hata tukisalimiana mgeni anadhani tunagombana. Tukaanza kuimba kuhusu bomba lisilotoa maji, kuhusu magugu maji, kuhusu kikao cha harusi kisichoisha. Watu wakasema ni utoto, tutaacha. Tumeota mvi na hatujaacha.

Ila mwaka jana sauti ya kaka ilianza kukwaruza. Daktari akamchungulia kooni na kumwambia apunguze kupiga kelele. Kaka akaja nyumbani, akakaa pembeni ya kochi langu.

"Tutengeneze albamu moja ya studio," akasema. "Wimbo wa mwisho nitaimba taratibu. Ule ndio utaniambia. Watu wakiusikiliza, naendelea hata kwa kunong'ona. Wasipousikiliza, naacha, narudi kwenye mihogo yangu."

"Mihogo inapendaga watu wakimya," mume wangu akamchokoza.

"Shemeji, wewe piga besi."

Studio tuliyoipata ilikuwa Bunda, kule Kabasa, chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya shule. Kuta zote zilikuwa zimebandikwa trei za mayai, na mlangoni wameegesha godoro kuzuia sauti za nje. Prodyuza wake alikuwa amezoea kurekodi kwaya. Alitupokea vizuri, akatupa maji, akatuuliza ni kanisa gani.

"Hatuna kanisa, yaani kila mtu na lake," kaka akamjibu. "Sisi ni bendi."

"Sawa mzee wangu. Sauti ya pili anaimba nani?"

"Ya pili? Hata ya kwanza tunaiombea."

Tulirekodi kwa siku kadhaa ambazo mimi nazikumbuka kama siku moja ndefu yenye joto. Feni ilizimwa ili isisikike. Kaka alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama, prodyuza akawa anafumba macho kama mtu anayechomwa sindano, na katikati ya wimbo na wimbo mimi nililaza chini lile godoro la mlangoni na kujinyoosha juu yake. Usingizi wa pale ulikuwa mtamu wa ajabu. Nililala ndani ya mwangwi wa nyimbo zetu wenyewe, nikaota niko nyumbani.

Wimbo wa mwisho ulifika sauti ya kaka ikiwa imekwisha kabisa. Aliuimba kama mtu anayeongea peke yake jikoni. Hauna mambo mengi: kuna mtu yuko nyumbani, chai imemiminwa, anasubiri ipoe, nje kunakucha juu ya ziwa, na hataki kwenda popote. Nilijijua mara moja. Ameniimba mimi bila kuniomba ruhusa. Niligusa dramu kwa vidole tu, macho nimefumba, na sijui kama nilikuwa macho kweli. Tulipomaliza prodyuza alifumbua macho. Aliwasha feni.

Basi albamu ikatoka, na sisi tukakaa kusubiri dunia iseme.

Musoma ilisema upesi. Mtangazaji wa redio aliweka wimbo wa kwanza, ukafika nusu, ukakatika, kisha tukamsikia akiomba radhi kwa wasikilizaji kwamba kuna hitilafu ya mitambo. Kesho yake akaweka wa pili, na mitambo ikaharibika tena. Bunda kuna mwenye duka la simu alituahidi kuipiga kwenye spika za nje; akaipiga, wateja wakavuka barabara. Ndugu zetu wa Kiriba walituma ujumbe wa pongezi. Nilipowauliza wimbo gani umewagusa, wakajibu kwamba yote.

Kaka alikuwa anauliza swali moja tu kwa kila mtu. "Na ule wa mwisho?" Hakuna aliyefika huko. Nilimuona akianza kuongea habari za mbegu ya mihogo, na nikakosa usingizi wa mchana, jambo ambalo kwangu ni ugonjwa.

Ndipo shangazi yetu, dada wa baba, akanipigia simu kutoka Butiama.

"Ile kwaya yenu ya wendawazimu nimeipata," akasema.

"Shikamoo shangazi. Umeipata wapi?"

"Marahaba. Kiabakari, kwa yule anayejaza nyimbo kwenye memori kadi. Nilimwambia aniwekee kitu chenye kelele kuliko vyote alivyonavyo. Hakufikiria hata kidogo, akaniwekea nyie."

"Na unaisikilizaga?"

"Naamia nayo ndege."

Kuamia ndege ni kazi ya kule mtama ukishatia punje. Kwelea kwelea wanashuka kama wingu, na nyumba nzima inahamia shambani kupiga madebe na kupaza sauti kuanzia alfajiri mpaka jua lizame. Shangazi alikuwa ametundika redio yake kwenye mti katikati ya shamba na kumwachia kaka yangu kazi ya madebe. Jirani zake wameona, wamekwenda Kiabakari na kadi zao.

Nilimweleza kaka nikijitahidi nisicheke. Mume wangu hakujitahidi.

"Shemeji, umepata kazi serikalini," akasema. "Bwana shamba."

Kaka hakucheka. "Muulize huo wa mwisho huwa unawafanyaje ndege."

Nilimpigia shangazi, nikauliza. Akasema tuje tuone wenyewe, kwani miguu hatuna?

Mimi, mtu wa kochi, nikaenda Butiama. Tulikuta mtama umesimama mwekundu mpaka kwenye mawe, asubuhi bado ina umande, na kutoka kila upande sauti ya kaka yangu inapiga kelele kuhusu bomba lisilotoa maji, kwenye shamba moja imetangulia kidogo, kwenye jingine imechelewa, hadi nikahisi ni bonde lenyewe linalolalamika. Ndege waliinuka, wakazunguka, wakaogopa kushuka. Shangazi na wanawake wa jirani walikuwa wanapita kwenye mistari wakipiga madebe na kumalizia maneno, na palipokuwa na matusi madogo walisema kwa nguvu zaidi.

"Wanajua yote," nikamwambia kaka.

"Wanajua kelele," akasema.

Kisha wimbo wa mwisho ukaanza kwenye redio ya shangazi. Kaka akasimama wima. Juu yetu wingu la ndege lilisikia upole huo, likageuka, likateremka kwenye masuke, mamia kwa mamia, na shamba lote likawa linatikisika kwa midomo midogo. Wanawake waliweka madebe chini. Mmoja akakaa juu ya lake. Shangazi akakaa kwenye tuta, akanyoosha miguu, akanitazama mimi mara moja, akatazama mbali.

Kaka aliona mtama wa shangazi yake unaliwa kwa sababu yake. Akaokota debe na kuliinua alipige.

"We mtoto!" shangazi akamkemea kwa sauti ya chini. "Weka hilo debe."

"Shangazi, wanamaliza mtama!"

"Huwa tunawaachaga wale kidogo hapa. Kaa chini, wimbo haujaisha."

Kaka akakaa chini, debe mapajani, ndege wakila karibu na bega lake.