Msomaji Aliyetangulia

Huko mtaani Panda, watu walimjua Mama Christiane kwa kitabu chake kabla ya kumjua kwa sura. Asubuhi akienda shuleni alikokuwa sekretari, kitabu kwapani. Jioni akirudi, kitabu kwapani. Hata akichagua samaki sokoni kitabu kilikuwa papo hapo kwapani, na ndiyo maana kurasa nyingine zilinuka samaki. Wala havikuwa vitabu vya maombi, jambo lililowasikitisha akina mama wenzake wa kanisani. Alipenda visa vya mafumbo: mwalimu wa hesabu anayefumbua barua za majasusi, mchora ramani anayeficha jina la muuaji ndani ya majina ya mito. Bastola na damu nyingi hakuzitaka. Alitaka akili isumbuke.

Ugonjwa huo aliambukizwa na mumewe, marehemu Isidore. Walikuwa wakisoma kitabu kimoja kwa zamu, halafu wanagombana mezani mpaka bukari, ugali wao, inapoa. Christiane alikuwa na kasoro moja: kila kitabu alimshuku daktari.

"Minye nasema ni dokta!"

"Haina dokta!" Isidore alikuwa akijibu kwamba siye, huku akigonga meza. "Tafuta mungine!"

Isidore alipofariki, Christiane aliendelea kusoma, ila akifika mwisho alikaa na kitabu mapajani, hana wa kumwambia kwamba alijua tangu mwanzo. Watoto walikuwa Lubumbashi, nao walipenda simu zao. Alikikosa kile kigomvi kuliko kitu chochote cha ndoa yake, na hakuona haya kusema hivyo.

Vitabu vyake vilitoka kwa Papa Gauthier, aliyetandika turubai kando ya soko. Unarudisha kimoja, unaongeza kidogo, unachukua kingine.

"Papa Gauthier, minye niko natafuta kitabu ya mupya. Bile byote nilisha kusoma."

"Mama, weye utanimaliza bitabu! Kamata hii. Ni ya code secret."

Kitabu hicho alikisoma barazani, jua likimtazama usoni. Alipoinua ukurasa ili ajikinge, akaona nuru ndogo imepenya katikati ya maneno. Tundu. Tundu dogo, safi, chini ya sentensi ambayo mpishi wa meli anadai hajawahi kuona bahari. Christiane alidhani ni mdudu, akaendelea. Lakini alipofika mwisho alikuta kuwa uongo ule wa mpishi ndio uliofungua fumbo lote, na yeye hakuushtukia hata kidogo. Kumbe kuna mtu alipita humu kabla yake, akafika kwenye sentensi ile, akasema hapa nimekunasa!

Wivu ulimchoma. Kisha akafurahi, tena furaha ya mtu aliyepata njaa baada ya homa.

Alivitoa vitabu vyote ambavyo alikuwa hajavirudisha, akaviinua juani kimoja kimoja. Vingine vilikuwa na tundu, vingine havina. Vyenye tundu ndivyo vilivyokuwa vitamu, na kila mara tundu lilikuwa mbali kabla ya pale alipong'amua yeye. Tangu siku hiyo hakumsikiliza tena Papa Gauthier akisifia bidhaa zake. Alisimama kando ya turubai akiinua kurasa juani kama mtu anayekagua noti bandia. Kikiwa na tundu, anachukua.

Njia hiyo ilimpa vitabu vizuri mpaka vyenye matundu vikaisha. Hapo akatambua kwamba si kitabu tena alichokuwa akitafuta. Alitaka kumwona mtu huyo. Alitaka kugombana naye.

"Njo nani anarudishaka bile bya matundu?" alimuuliza Papa Gauthier.

"Batu ni bengi, mama. Na bengine banatumaka watoto."

Basi Christiane akafanya upelelezi wake mwenyewe. Tundu jembamba namna ile ni la sindano. Mwenye sindano mkononi kutwa nzima ni nani? Fundi wa nguo. Umeme ukikatika cherehani inasimama, naye afanye nini ila kusoma? Aliona amemaliza kazi. Akaenda kwenye safu ya mafundi sokoni, akaanza na Papa Matata, mzee wao.

"Minye? Sisomaka hata mukanda ya kupimia vizuri, njo nitasoma bitabu bya bapolisi?"

Mafundi wakacheka hadi machozi. Kila aliyeulizwa alimtuma kwa mwenzake, na mwenzake akamtuma kwa mwingine. Kwa aibu, Christiane aliagiza blauzi ambayo hakuihitaji, akaondoka.

Akiwa njiani kurudi alipitia duka la Zaina, ng'ambo ya barabara, akanunue mkate. Zaina alikuwa mke wa Moussa, dereva wa malori; wote wawili walikuwa Waislamu waliotoka Kasongo. Miaka mingi walikuwa majirani, na maneno yao yalikuwa mkate, sukari, aksanti, kesho. Siku hiyo umeme haukuwepo. Zaina alikuwa karibu na mlango penye mwanga, anafunga upya mtandio wake, pini imebanwa midomoni.

Christiane aliitazama pini ile. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yake miaka yote yalikuwa kwenye karatasi. Akainama juu ya meza ya duka. Kando ya mizani, kitabu kilikuwa kimefunguliwa kifudifudi.

"Ni weye! Weye njo unatoboaka bitabu?"

Zaina akatoa pini midomoni taratibu, akaichomeka mahali pake.

"Njo minye. Umechelewa, mama. Minye nilikujua zamani. Kila siku unaingiaka hapa na kitabu mu kwapa. Kile natoboa, kisha kile kile nakiona kwako."

"Na ulinyamaza juu ya nini?"

"Kama ningekuambia, ingekuwa fumbo gani tena? Weye unaanzaka kitabu ku mwisho?"

Christiane alikasirika kwelikweli. Alitaka kutoka bila mkate. Badala yake kicheko kikamtoka, na nyuma ya kicheko machozi, akashika meza kwa mikono miwili.

"Bwana yangu alikuwa ananishindaka hivi hivi," alisema. "Tangu alikufa, hakuna mutu alinishinda."

 Zaina aliingiza mkono chini ya meza, akatoa kitabu ambacho Moussa alimletea kutoka safarini, bado kipya, mgongo wake haujavunjika.

"Hii sijafungua. Anza weye." Kisha akachomoa pini nyingine kwenye mtandio, akampa. "Lakini toboa yako. Tutaona nani atatangulia."

Christiane alisahau mkate. Alivuka barabara akisoma, pikipiki zikimpigia honi, na kabla hajafika ng'ambo akainua kichwa.

"Zaina!" alipaza sauti. "Kuko dokta humu! Minye nasema ni yeye!"

Zaina, ambaye hakuwa amesoma hata neno moja la kitabu kile, alisimama mlangoni pa duka, mikono kiunoni.

"Haina dokta!" akajibu. "Tafuta mungine!"

Christiane akasimama palepale katikati ya barabara, kama aliyesikia meza ya Isidore ikigongwa tena.