Noki Maana Yake Nini

Naikumbuka, mwanangu, siku nilipoiua injini ya mashine ya kusaga ya kijiji chetu, huku Handeni, miaka ile ya ujamaa. Nasema nilipoiua, sisemi ilipokufa.

Shule niliishia darasa la pili. Nyumba hii na michungwa ile nimevipata kwa mikono yangu, wala sioni haya. Haya nilikuwa nayo wakati ule, na ndiyo iliyoniponza. Kijiji kilinipeleka Ngombezi kwa Mzee Mhina, fundi wa injini za kiwanda cha mkonge, anifundishe. Akaniambia, "Ukisikia noki, zima hapo hapo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

Nimeelewa nini! Vijana wa kiwandani walisema "imenoki" injini ikishakufa, nami nikadhani noki ndiyo kifo chenyewe. Kuuliza mbele yao nikaona aibu.

Basi nikarudi kijijini kuiendesha mashine. Wakati wa mavuno, kina mama wamejipanga mpaka nje, injini ikaanza: ko, ko, ko. Nikasema moyoni, si inazunguka? Hii haijanoki. Mama Zaina, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akasema, "Baba, mashine yako inakohoa."

"Mama, wewe lete mahindi, mashine niachie mwenyewe."

Debe lake halijafika nusu, ikakwama kwa kishindo. Kina mama wakacheka. "Haya fundi, shika mchi!" Kisha kicheko kikakatika, maana kila mmoja alikikumbuka kinu chake. Mke wangu alikuwa mle mle kwenye foleni, mimba ya miezi minane.

Mzee Mhina alipokuja alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu. Hakunigombeza mbele ya watu. Alinivuta nyuma ya banda.

"Noki ni nini?"

"Injini ikishakufa, mzee."

"Ni Kiingereza. Kwao maana yake ni kugonga, kama unavyogonga mlango wa mtu. Chuma kikigonga chuma ndani ya injini, wakaiita sauti ile jina hilo. Ni sauti, mwanangu, inayotangulia kifo. Mimi nami sikujua, nikamuuliza msimamizi wangu, wenzangu wakanicheka wiki nzima. Wiki moja tu! Wewe utachekwa mpaka vipuri vifike."

Vilichukua miezi miwili. Kila alfajiri nilitwanga mimi, mwanamume mzima, mke wangu amekaa kwenye kigoda, wapita njia wakiguna. Waache wagune. Mtoto alizaliwa salama.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, na siku hizi maneno ya kigeni mnayo mengi kuliko nywele: neno usilolijua usiliitikie "nimeelewa". Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Aibu ya kuuliza utaibeba peke yako, tena kwa muda mfupi. Aibu ya kujifanya unajua utawabebesha wasiokuwamo. Na mdogo wako akikuuliza, usimcheke, mjibu.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza, na akukutanishe na wakubwa watakaokusahihisha bila kukuvunjia heshima. Amina.