Mgeni wa Kwenye Simu

Binti yangu alipenda sana tamthilia ya vijana wanyonya damu, akaanza kuitungia hadithi za kuchagua njia. Alikuwa ananitumia kipande kimoja kwenye simu, mimi nachagua njia kwa kujibu moja au mbili, ananitumia kinachofuata. Aliniapia kwamba msomaji wake ni mimi peke yangu.

Katika hadithi hiyo mgeni anabisha hodi kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba, kama yetu hapa Maruku. Mama mwenye nyumba, yaani mimi, anamletea kahawa ya kutafuna. Moja: tafuna wewe kwanza. Mbili: mpe mgeni kwanza. Nilikuwa namenya ndizi, nikajibu mbili bila kufikiri. Mgeni akaona nimemtilia sumu, akaning'ata shingo, nikafa. Mhaya gani anampa mgeni kahawa ambayo mwenyewe hajaitafuna? Binti alinicheka siku nzima. Nilikasirika, ila nilijiuliza pia huyo mgeni kamtoa wapi, maana kwa mnyonya damu alimpamba mno.

Jumapili, tumetoka misani, kijana nisiyemjua akabisha hodi. Eti anatafuta miche ya kahawa. Jumapili! Binti yangu, ambaye huwakimbilia wageni, ghafla akawa na kazi ya kufagia jikoni. Nikaleta kahawa, nikamsogezea yule kijana bakuli kabla sijatafuna mwenyewe, huku nimemkazia macho.

Hakuigusa. Alitabasamu, akasema kwa adabu zote, "Mama, leo anza wewe."